Kufunga kwa Vidole

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mzima kweli ni mzima, sina hata mafua. Lakini safari hii hofu iko upande huu, na wewe ndiye uliye salama. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, tena mahali ambapo wenzako wa pampu hawawezi kuichungulia kwa nyuma.

Kazi inaendeleaje? Mama anauliza kama mikono bado inakunukia petroli hata baada ya kuoga, na kama yule bosi wenu mwenye kikohozi bado anawasimamia mkinywa chai. Anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu. Hakunituma, maana hajui kama nakuandikia, lakini jana alisikia lori likipiga honi akasema hilo huenda linapita kwako. Mimi naihesabu hiyo kuwa salamu.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumbani inakaa mfukoni mwa Mama, na ukimwomba anataka kujua ya nini, halafu anasimama papo hapo akisikiliza. Tena unanijua. Kwa simu ningekuamkia, ungeuliza habari za nyumbani, ningejibu nzuri tu, na salio lingekwisha hapo. Kwa kalamu sina pa kukimbilia. Barua nitampa dereva wa gari la mikate, ambaye amesema kituo chenu cha mafuta ndicho cha kwanza kwake kesho asubuhi.

Nakuandikia nikiwa stoo, nimekaa juu ya mahema yaliyokunjwa. Baba ameenda kunyolewa, na Mama amemsindikiza, wameshikana mikono kama wachumba. Kesho alfajiri tunaondoka kwenda kutembea njia ndefu. Ndiyo, nimesema tunaondoka. Nitafika huko, usiruke mistari.

Tangu nimalize shule nimekuwa nikimsaidia Baba kufunga mizigo ya wateja. Stoo usingeitambua. Mashanta yote sasa yananing'inia ukutani kwa ukubwa wao, buti za kukodisha ziko chini zimetazama mlangoni kama watu wanaosubiri kutumwa, na majiko ya gesi yana rafu yake peke yake kwa sababu Mama hataki yakae karibu na mabegi ya kulalia. Kunanuka turubai na dawa ya nondo. Nilikuwa sipapendi. Sasa napapenda, kwa kuwa humu hakuna anayeniuliza maswali kuhusu matokeo ya mtihani.

Sheria ya Baba unaikumbuka: mzigo haufungwi kwa macho, unafungwa kwa vidole. Kule juu ukungu ukishuka hata mkono wako mwenyewe huuoni, na mvua haikungoji utafute taa. Kwa hiyo kila kitu kina mahali pake na hakihami. Koti la mvua juu kabisa. Jiko na kopo lake katikati, upande wa uti wa mgongo. Begi la kulalia chini. Taa ya kichwani kifuko cha kulia, plasta na dawa kifuko cha kushoto. Alinifunga kitambaa usoni akanifundisha kama alivyokufundisha wewe, na mwanzoni kila nikitafuta koti natoka na soksi. Baba alikuwa akisema, "Haya, jikinge mvua na soksi." Baada ya muda vidole vikaelewa. Dada, nilijivuna sana. Ni mara ya kwanza mimi kuweza kitu ambacho hakihitaji kusema.

Wateja wa safari hii ni wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Ni watu wema, wachangamfu, na wakiingia stoo inanukia vizuri mpaka jioni. Kiongozi wao ni mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kutikisa rafu, wenzake wanamwita Mama Povu. Wamekusanya likizo zao wapate kutembea njia yote, ile ile uliyotembea wewe na Baba zamani: kutoka hapa kupitia msituni, kushuka mpaka barabara yenu, kuikatiza mbele ya kituo chenu, kisha kupanda Kiunoni na kuvuka milima. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala ndani ya hema.

Walipokuja mara ya kwanza Baba aliwafanyia ule mchezo wake. Alijifunga kitambaa cha Mama usoni, wakamwaga kila kitu cha shanta sakafuni, na yeye akakirudisha kimoja kimoja huku akipiga soga kuhusu mteja mmoja aliyebeba pasi. Walipiga makofi kama wako harusini. Papo hapo wakaanza kumwita Bwana Vidole kama wateja wengine wote. Mama Povu akasema kwamba mtu wa namna hii unaweza kumfuata hata ukiwa umelala.

Kisha akataka ushauri kuhusu buti zake. Alikuwa ameziacha nyumbani, lakini alikuwa na picha kwenye simu. Alipompa Baba ile simu picha iliteleza, ikaja nyingine, ya mjukuu wake ameketi ndani ya beseni. Baba aliishika simu, akaitazama kwa muda, akasema hizi ni nzuri, zina soli imara, ila azivae nyumbani kwanza zilainike na azipake mafuta. Stoo nzima iliangua kicheko. Mama Povu aliegemea mahema akilia kwa kucheka, akisema kumbe mjukuu wake ana soli imara. Baba naye alicheka. Nami nilicheka, lakini nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona kwamba alianza kucheka baada ya wote, kama mtu anayerukia gari ambalo limekwisha kuondoka.

Siku iliyofuata tulikuwa tunakagua taa za kichwani. Baba anabonyeza, anaishika mbele ya uso wake, anasema inawaka, ananipa niiweke kwenye kifuko. Nyingine, inawaka. Nyingine, inawaka. Moja aliyonipa ilikuwa nyeusi tii. Nikasema, kwa hii sauti yangu ya kunong'ona, Baba, hii imezimika. Akasema ndiyo, ameizima yeye sasa hivi, niweke. Niliifungua. Haikuwa na betri hata moja ndani.

Niliweka betri, nikaifunga, nikaendelea. Lakini toka hapo nikaanza kuangalia, na ukianza kuangalia, Dada, nyumba yako mwenyewe inageuka kuwa nyumba ya watu wengine. Niliona kwamba Mama hahamishi viti tena. Yule Mama aliyekuwa akipanga sebule upya kila akikasirika! Sasa kiti kikisogezwa kidogo tu anakuja mbio kukirudisha, na siku jirani alipoacha kigoda njiani kuelekea bafuni Mama alimfokea mpaka akaona aibu. Niliona kwamba Baba akimimina chai anaingiza ncha ya kidole kikombeni. Niliona kwamba nikivaa viatu laini nikapita mbele yake, hageuzi uso.

Nilimfuata Mama jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, maneno nimeyapanga. Nikasema, Mama, macho ya Baba. Akaniambia nipunguze sauti. Mimi, nipunguze sauti! Kisha akaniambia nikiinuka nikirudishe kigoda mahali pake, akafungua maji yakatiririka kwa kishindo, na akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Halafu akanituma kwa Kiberiti, msaidizi wa Baba wa safari zote. Nadhani alinituma makusudi, ingawa alisema ni kwa ajili ya kuchukua shanta la Baba lililobaki kule tangu safari iliyopita. Habari ya Kiberiti uliisikia, kwamba alianguka Kiunoni akavunjika mguu. Hapa watu wote waliambiwa kwamba alikuwa akijionyesha kwa wateja, akirukaruka juu ya mawe, na wote waliamini kwa sababu ni Kiberiti. Mimi pia niliamini.

Nilimkuta kitandani, mguu uko juu ya mito, amekonda. Aliponiona alipiga kelele kwamba Spika kaja, zibeni masikio. Mkewe akacheka. Shanta la Baba lilikuwa chini ya kitanda, bado lina matope. Nilipoinama kulivuta akaniuliza safari hii nani anatangulia mbele. Nikasema sijui, labda Baba. Kiberiti akamwambia mkewe akatuchemshie chai, na mkewe alipotoka akanitazama, mzaha wote umekwisha usoni.

Aliniambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa macho ya Baba. Kwa muda mrefu, tangu ugonjwa wa macho ulipoanza kumla. Baba anatambua mchana na usiku, na pembeni kidogo anaona vivuli vya vitu, basi. Kiberiti alikuwa akitangulia, Baba anamfuata kwa nyuma ameshika mkanda wa shanta lake, wateja wanadhani ni utani wa marafiki. Kiberiti anasema kwa sauti ya chini anachokiona, na Baba anamwambia pa kukanyaga. Njia yote anayo kichwani, kila mzizi. Kiberiti alisema hajapata kuona kitu kama kile, alikuwa akitembea na ramani inayoongea.

Kisha wakafika Kiunoni. Mimi sijafika, lakini wewe unapajua: njia inauzunguka mwamba, nyembamba kama mkanda, na upande mmoja hakuna kitu. Baba alimwambia kama siku zote, hatua kushoto, shika jiwe lenye pua. Ukungu ulikuwa mzito. Kiberiti amelishika jiwe lile mara nyingi kiasi kwamba hakuhitaji kulitafuta. Akaegemea, akanyoosha mkono. Jiwe halikuwepo. Mvua ilikuwa imelichukua, pamoja na ardhi iliyokuwa chini yake. Alinusurika kwa sababu shanta lilinasa kwenye kisiki, akaning'inia hapo mpaka wateja wakamvuta kwa kamba.

Nilimuuliza kwa nini alikubali waseme alikuwa anacheza. Alisema Baba ndiye aliyemfundisha kila kitu, sasa angemwanika vipi. Lakini si hilo lililonitia baridi. Alisema walipokuwa wanambeba alimwambia Baba, mzee, jiwe lako halipo tena. Na Baba akamjibu kwamba lipo, ila yeye hakuangalia vizuri. Akarudia hilo siku alipokuja kumwona pale nyumbani. Kwa upole kabisa, amemletea sukari na sabuni, akamwambia, "Ungeangalia vizuri, kijana wangu, ungeliona." Kiberiti akaniambia, "Spika, mimi simwogopei macho. Macho tulishayazoea. Namwogopea hiyo njia iliyoko kichwani. Mvua ilipoibadilisha haikumwomba ruhusa."

Nilirudi na shanta mgongoni. Lilikuwa tupu na bado liliniumiza mabega.

Nilijaribu, Dada. Nataka ujue kwamba nilijaribu. Mama Povu alipokuja kupimwa mikanda ya shanta nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikimfunga ule mkanda wa kiunoni, na hakukuwa na mtu mwingine. Nikamwambia Baba haoni vizuri. Nililisema lote, sikulimeza. Mama Povu alicheka akanipigapiga shavu, akasema nani anaona vizuri siku hizi, yeye mwenyewe jana alitafuta miwani nyumba nzima kumbe imekaa kichwani. Nikasema, kwa kweli haoni. Akasema binti anayemwogopea baba yake ni baraka, na kwamba mtu anayefunga shanta amejifunga kitambaa hahitaji macho. Kisha akaniuliza kama mkanda unaweza kulegezwa kidogo kwa ajili ya chakula cha mchana.

Baada ya hapo nikafanya jambo la kitoto. Nilichukua wembe nikafumua mshono wa bega la shanta la Baba, nyuzi chache tu, kwa ndani, ili likatike mapema tukiwa bado karibu na nyumbani. Niliona nikimharibia shanta nitakuwa nimemwokoa. Kabla chai haijapoa Baba alikuwa amelipapasa, amefika pale pale, amesimama. Alitafuta sindano, akaulowesha uzi kwa ulimi akautunga kwa jaribio la kwanza, akaushona ule mshono ukawa imara kuliko zamani. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba panya wa nyumba hii ana mikono mizuri. Kisha akaniambia nifunge mlango wa stoo nije nikae.

Dada, sijawahi kumsikia Baba akiongea vile. Alianza kwa kunisifu. Alisema wengine hupiga kelele wakikosa la kusema, mimi nasema kidogo na ni kweli, na mtu wa namna hiyo ndiye anayemhitaji. Unajua wiki zote hizi alikuwa akinizungusha uani na shanta lililojaa, yeye nyuma yangu, akisema nizoee uzito. Alikuwa akiniuliza naona nini mbele. Nikisema kuna kitu pale, ananisahihisha: usiseme kitu, sema ni jiwe, lina urefu gani, liko mkono upi. Nilikuwa nasema ndoo, kimo cha goti, kulia. Nilikuwa nasema ngazi, ya kushuka, moja. Nilidhani ananitibu aibu. Nilikuwa nalala nikiwa na furaha kwa sababu Baba ameliona tatizo langu na analishughulikia bila kunitangaza.

Aliniambia haoni. Alilisema kama mtu anayesema viatu vimembana. Aliniambia mimi nitatangulia mbele, atashika mkanda wa shanta langu, na watu watasema tazama mzee anavyomchunga binti yake. Yeye ana njia, mimi nina macho, tukijumlishwa tunatosha kuwa mtu mmoja. Nikamwambia habari ya jiwe lenye pua. Akatabasamu. Akasema jiwe lile lilikuwepo kabla ya babu yake, Kiberiti alikuwa anaangalia miguu yake. Akasema, "Wewe utaangalia vizuri, mwanangu. Wewe utaliona."

Nikamuuliza, na nisipoliona? Akasema tena kwamba nitaliona.

Halafu akasema kwamba akikaa nyumbani Mama atamfanya kiti, atamrudisha mahali pake kila akisogea. Akaniomba nimwekee siri hii, hasa nisikuambie wewe. Aliutafuta mkono wangu hewani. Aliukosa mara ya kwanza, Dada. Baba aliyeshona mshono ule kwa kupapasa aliukosa mkono wangu, wake ukapita karibu na sikio langu, na mimi nikauinua mwenyewe nikampa. Nikamwahidi. Ningesemaje?

Basi hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza. Nimeahidi, na sasa hivi ninaivunja ahadi, na Baba hajarudi hata kutoka kwa kinyozi. Kesho wale watu wa sabuni watatembea nyuma ya mtu asiyeona, naye atatembea nyuma yangu mimi ambaye msituni sijawahi kuvuka daraja la pili. Yeye anaijua njia asiyoiona, mimi nitaiona njia nisiyoijua, na tutakapofika pale ambapo macho yangu na kichwa chake havikubaliani, najua ni kipi atakachokiamini. Ataniambia hatua kushoto. Mimi ni mtu wa kutii. Hilo ndilo linalonitisha kuliko mwamba wenyewe.

Nimekuandikia wewe na si mtu mwingine kwa sababu njia inakatiza barabara yenu kabla haijapanda Kiunoni. Na pia kwa sababu ya barua yako ya mwisho. Mama aliniambia nimsomee, kwa hiyo naijua. Uliandika kwamba Baba alipita kituoni na wateja, Kiberiti akiwa mbele, na wewe ulikuwa kwenye pampu ukampungia mkono. Ukavua kofia ukapunga na kofia. Akageuza uso kwako sawasawa, akakutazama, akaendelea na safari kama vile wewe ni nguzo. Uliandika kwamba umeelewa, kwamba bado hajakusamehe kwa kuiacha kazi yake ukaenda kuuza mafuta, na kwamba hutamsumbua tena. Nilipofika hapo Mama alisema nisome tena. Kisha akaikunja barua akaondoka nayo.

Dada, hakukudharau. Hakukuona.

Aliporudi, siku ile ya Kiberiti kuvunjika mguu, pamoja na vurugu zote za kumtafutia gari, Baba alimuuliza Mama kama bado unafanya kazi pale. Alisema, "Nilipita, sikumsikia." Alisema hakukusikia. Tulikuwa wote sebuleni, na hakuna aliyeshtuka.

Kwa hiyo nakuomba. Uwepo siku tutakapotoka msituni. Badilishana zamu, mdanganye bosi, jifanye unaumwa tumbo, lakini uwepo barabarani. Na usipunge mkono. Mwite. Mwite kwa sauti ile unayowaitia madereva wanaotaka kuondoka bila kulipa, mbele ya Mama Povu na wenzake wote, na umwambie asimame hapo hapo. Atakasirika. Huenda akaniita msaliti, na atakuwa na haki. Lakini ana hamu nawe, najua, hivyo sauti yako ataigeukia. Mimi nitakuwa mbele, mkono wake uko kwenye mkanda wa shanta langu. Ukiita nitasimama, na nikisimama mimi, naye hana pa kwenda.

Usipokuwepo, nimeshaamua. Nitakaa chini palepale inapoishia lami, na shanta langu mgongoni, na sitainuka. Sidhani kama nitaweza kuwaeleza wateja chochote. Koo langu unalijua. Lakini kukaa naweza, na watanivuka au watauliza kwa nini.

Nina mengine ya kukusimulia ila siyo ya leo. Wasalimie wenzako wa zamu, na yule mama wa dukani aliyeniletea peremende mwaka ule. Mama angekusalimu tena kama angejua. Usimwonyeshe mtu barua hii, na ukishaisoma usinijibu kwa dereva, kwa sababu hapa nyumbani barua zinasomwa kwa sauti na msomaji nitakuwa sipo.

Nasikia geti. Mama anamwambia Baba hapo pana kizingiti, kwa sauti ya mtu anayesema leo kuna jua. Baba anaita kuuliza kama mashanta yote yamefungwa. Inabidi nimjibu ndiyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Spika